Sifa za Baiti Zisizobeba Kitu

Majemadari wamesifiwa, ng'ombe wa maziwa wamesifiwa, wali wa nazi ndio usiseme. Zamu hii ni ya wavivu wakuu wa kompyuta: baiti za kujazia, zinazokaa katikati ya data bila kubeba chochote na bila kumpisha yeyote.

Andika kwa lugha ya C muundo wenye herufi moja, namba kamili moja, kisha herufi nyingine. Herufi ni baiti 1. Namba kamili, kwenye mashine nyingi za leo, ni baiti 4. Jumla 6. Iulize kompaila, itakwambia 12. Nusu nzima ni waheshimiwa wetu: 3 baada ya herufi ya kwanza, 3 mwishoni, hawana kazi wala haya.

Mchoyo atauita ufisadi. Lakini prosesa haidonoi kumbukumbu baiti mojamoja. Huchota kwa mafungu, na namba ya baiti 4 hutakiwa ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Ikilala mpakani, nusu fungu hili na nusu lile, yabidi kuchota mara mbili na kuunga vipande. Prosesa za Intel huvumilia, kwa kuchelewa kidogo. Motorola 68000 ya mwaka 1979 haikuwa na subira hiyo: dai baiti 2 kwa mpigo kutoka anwani witiri, nayo inagoma palepale. Ndiyo maana kompaila haifanyi kazi kama kondakta wa daladala. Siti tupu haiikoseshi usingizi.

Zile 3 za mwishoni ndizo nizipendazo zaidi, maana hazimfai hata mwenyeji wao. Zipo ili miundo ikipangwa safu, namba ya jirani iangukie mahali pake halali. Ujirani wa namna hiyo mitaani kwetu umeadimika.

Wabaya wao hushauri tuanze na namba, herufi mbili zifuate. Kweli, 12 inakuwa 8, na kazi hiyo ni yako mwenyewe, kwa kuwa kanuni za C haziiruhusu kompaila kubadili mpangilio ulioandika. (Ile ya lugha ya Rust inaruhusiwa.) Hata hivyo baiti 2 zinabaki, zimekunja nne.

Tena zina kumbukumbu njema kupita kiasi. C haizilazimishi kuwa na thamani yoyote maalumu, basi hubaki na masalia ya waliopita hapo. Linganisha baiti kwa baiti miundo miwili yenye data ileile, huenda ukaambiwa haifanani. Kiini cha Linux kimewahi kuvujisha siri kwa programu za kawaida kupitia baiti hizi hizi, zisizobeba kitu!

Basi, mwandishi wa programu, kabla ya kuujaza muundo utakaoutoa nje, futa eneo lake lote kwa sifuri.