Frasila Mbili na Gramu Thelathini

Shemeji yangu wa Cheyo, Tabora, anataka kamera ndogo ya dijitali, na bado analinganisha. Zipo mbili: moja ya megapikseli 16, nyingine 20. Hizo 4 za ziada, shemeji, zinarefusha upande wa picha kwa asilimia 12 hivi, basi. Na biashara anayoiwazia ni picha za pasipoti, ambazo haziombi hata megapikseli moja.

Zumu ya dijitali ameijumlisha na ya lenzi, akapata namba tamu. Kumbe ile ya dijitali ni kuikata picha na kuitanua tu.

Lakini hoja kuu kwake ni uzito: hii gramu 180, ile 210. Gramu 30 zitamchosha mkono! Haya yanasemwa Tabora, Unyanyembe ya zamani, walikotoka wapagazi waliokwenda Bagamoyo kwa miguu, kila mmoja na frasila mbili begani, kama kilo 32, bila kuuliza ipi nyepesi.

Ipi inatumia betri za duka la mtaani, na ipi inadai chaja siku umeme umekatika? Hilo halimo kwenye jedwali lake.

Mpelelezi Livingstone alikaa Kwihara, hapo jirani, zaidi ya miezi mitano mwaka 1872, lakini yeye alikuwa akingoja wapagazi. Shemeji hangoji mtu. Harusi ya mpwa wake ni Jumamosi, na jana alikwenda kwa wazee kuomba isogezwe mbele hadi achague kamera.