Betri Yenye Mamilioni

Kilaptopu changu ni cha ukoo ule ulioanza mwaka 2007, Eee PC ilipotoka ikiwa na Linux ndani na watengenezaji wengine wakaanza kukimbizana kutengeneza vikompyuta vya kuingia kwenye mkoba. Nilikinunua mtumba Arusha, nikakiwekea Linux maana mfumo mzito zaidi ungekilaza kabisa, nikaja nacho huku Sale ninakofundisha.

Kina magonjwa mawili yanayosaidiana. Kikiwa kwenye chaja, mshale unarukaruka kioo kizima. Kikichomolewa, mshale unatulia kama mtoto wa kipaimara, ila betri inatangaza asilimia 62 na papo hapo kioo giza. Kwa hiyo penye umeme hakiandikiki, na pasipo umeme hakiwaki.

Chumba ninachopanga hakina umeme, basi nachajia kwenye kibanda cha kijana mmoja mwenye sola, betri ya gari na inveta inayounguruma. Hapo ndipo nilipokaa kutunga mtihani wa Jiografia wa kidato cha pili. Nikielekeza mshale kwenye faili, unafungua kikokotoo, unafuta swali la mvua za milimani, kisha unazima sauti ambayo hata haikuwepo.

"Mwalimu, hiyo imeingiliwa," akasema mama mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake.

Mwingine akashauri ipanguswe kwa mafuta ya taa. Mzee mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, akakumbusha kwamba mwaka 2011 magari yalipanga foleni hadi Samunge, hapa jirani, mengine yakitoka Kenya, watu wakifuata kikombe cha dawa cha Babu Mwasapile kwa shilingi 500. "Leo mgonjwa anatoka Sale kutibiwa Arusha," akasikitika. "Tumerudi nyuma sana."

Arusha sikwenda. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa inveta. Kile kibao cha kuguswa hakipimi uzito wa kidole. Kinapima badiliko dogo la umeme ngozi inapokaribia. Inveta ya bei poa haitoi wimbi laini, hutoa wimbi lenye ngazingazi, na chaja isiyo na waya wa ardhini huupitisha mtikisiko huo hadi ndani. Kidole kimoja kikigusa, kompyuta inahesabu vidole vya ukoo mzima. Dawa ni kushika chuma cha kompyuta kwa mkono mwingine, ili mwili na mashine vitikisike pamoja. Mimi hushika skrubu za tundu la projekta, na mshale unatii kabisa. Tatizo ni sura ya kazi yenyewe: mtu mzima amekikumbatia kilaptopu kwa mkono wa kushoto, anadonoa herufi kwa wa kulia.

"Sasa anaibembeleza," yule mama akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikika barabarani.

Betri ilitaka upelelezi. Nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaingia /sys/class/power_supply/BAT0, mahali Linux inapohifadhi siri zote za betri. Ujazo: 2,200,000. Linux huhesabu kwa sehemu za milioni ya ampea-saa, ndiyo maana hata fukara anajiona tajiri. Nilizitazama zile milioni mbili kwa muda, kwa heshima. Kumbe ulikuwa ujazo wa siku betri ilipotoka kiwandani! Chipu ya ndani husahihisha hesabu pale betri inapojaa kabisa na kuisha kabisa. Yangu, kwa maisha ya kibandani, ilikuwa ikidonolea chaji nusunusu tu. Nikaiacha iishe mpaka mwisho, nikaijaza mpaka juu, nikarudia. Ujazo ukaporomoka hadi 830,000.

Tangu hapo asilimia zinasema kweli, na ukweli wenyewe ni mfupi sana. Nikaenda na zile namba kwa kijana wa kibanda, nikamwonyesha kwamba betri yangu haifiki hata nusu ya betri, basi na bei iwe nusu.

Akaisoma skrini kwa makini, akanirudishia.

"Mwalimu, mimi siuzi umeme. Nauza tundu la eksitensheni."