Mitutu Miwili kwa Bei ya Mmoja

Kabla hatujafika mbali, tukubaliane juu ya neno "nafuu". Kwa mwindaji wa ndege wa Marekani, bunduki ya bei nafuu ni ile ambayo mkewe hajaijua bei yake. Huu ni mwaka wangu wa tisa South Dakota, na sijapata kumwuliza mzee yeyote wa hapa shotgani yake aliinunua kwa kiasi gani asitazame kwanza mlango wa jikoni. Akishahakikisha hakuna mtu, hushusha sauti na kutaja bei ya uongo.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyealikwa na wenzako wa kiwandani kwenda kuwinda fezanti mwezi wa kumi, ukakubali kwa adabu tu, na sasa umeambiwa uje na silaha yako. Huenda ulikulia kwa babu mwenye gobore la kufukuzia ngedere shambani, kwa hiyo unajiona mtu wa bunduki. Futa hilo. Gobore lilikuwa na muda: unashindilia baruti, unashindilia tambara, unapiga chafya, na ngedere bado yuko kwenye mahindi anakutazama. Fezanti hana subira hiyo.

Fezanti mwenyewe ni mhamiaji kama sisi. Aliletwa kutoka Shanghai na Owen Denny, aliyekuwa konseli mkuu wa Marekani huko, akafunguliwa katika bonde la Willamette, Oregon, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Hawakumwona huyu. Leo ndiye ndege rasmi wa jimbo la South Dakota, na hakuna aliyewahi kumwuliza karatasi.

Sasa, swali utakaloulizwa na kila mtu wa nyumbani: kwa nini mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, wakati ya pampu ni rahisi zaidi na inabeba risasi nyingi zaidi? Jibu la heshima halina maneno mengi. Unaifungua bunduki, unaifunga polepole, inalia "klak", unasema: "Nyepesi." Na ni kweli. Iliyo nzuri huwa na pauni sita na nusu hivi, kama kilo tatu, na hilo si dogo kwa kitu utakachokibeba saa sita ili ukitumie sekunde sita. Tena ina vifyatulio viwili, kila mtutu na chake. Cha mbele hupiga mtutu wa kulia, unaotawanya marisau mapema kwa ajili ya ndege wa karibu. Cha nyuma hupiga wa kushoto, uliobanwa zaidi mdomoni kwa ajili ya yule anayetokomea. Unachagua kwa kidole. Hiyo ndiyo sababu ya kitaalamu. Sababu ya kweli ni kwamba bunduki hizi ni nzuri kuzitazama, na mtu mzima huona haya kusema amenunua kitu kwa sababu kinapendeza.

Hatua ya kwanza ni kuugua majina. Huwezi kuiruka, kama vile huwezi kuhamia Dar usiumwe malaria. Utakesha ukisoma habari za Parker ya Meriden, Connecticut, za L.C. Smith ya Fulton, New York, za Fox ya Philadelphia. Viwanda vilishafungwa au kuuzwa, bunduki zimebaki, na zinapanda bei kama viwanja vya Kigamboni. Ukitaka kujua ugonjwa huu unafika wapi, mfikirie Theodore Roosevelt. Alipotoka Ikulu mwaka 1909 alikuja Afrika Mashariki kuwinda, akashukia Mombasa, na katika mizigo yake kulikuwa na Fox aliyopewa zawadi na mwenye kiwanda. Bure kabisa. Mwaka 2010 bunduki hiyo hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Kwa hiyo Fox ya bei nafuu ipo, sharti tu uwe umewahi kuwa rais.

Sisi wengine tunatafuta Sterlingworth, ambayo Fox walianza kuiuza mwaka 1910 kwa watu wasio na hela ya nakshi. Utendaji ni ule ule, bila maua wala mbwa waliochorwa ubavuni. Enzi zake ilikuwa bunduki ya mtu wa kawaida. Leo mwenye nayo hulitaja jina lake taratibu, kama mtu anayetaja shahada yake. Ukiikosa, kuna Stevens 311, ambayo ndiyo Land Rover 109 ya bunduki: nzito, haina sura, na kila asubuhi inawaka. Ukitaka mpya, Stoeger Uplander hutoka Brazil, na CZ Bobwhite hutoka Huglu, mji mdogo wa Uturuki katika mkoa wa Konya, ambako bunduki ndiyo kazi ya mji kama vinyago kwa Wamakonde. Ukitafuta vizuri utapata mojawapo chini ya dola elfu moja. Wazee watakuambia hizo hazina roho. Waulize roho inauzwa dola ngapi.

Halafu kuna geji. Chukua pauni moja ya madini ya risasi, igawe katika gololi kumi na mbili zilizo sawa. Tundu linaloenea gololi moja ndiyo geji 12. Ukigawa gololi ishirini unapata geji 20, tundu dogo zaidi. Namba ikipanda, tundu linashuka. Mmarekani haoni ajabu yoyote hapo, na ni yule yule anayeshika kichwa ukimwambia kwamba saa yake ya saba asubuhi ni saa moja kwetu.

Geji 12 inamaliza kila kitu, pamoja na bega lako. Geji 20 ndiyo ninayokushauri. Geji 16 ni ya washairi. Mwenye nayo hupoteza Jumamosi nzima akizunguka maduka kutafuta risasi zake, na akirudi mikono mitupu husema ndiyo raha yenyewe. Geji 28 ni ya watu wenye shabaha na mshahara. Ile ndogo kuliko zote, .410, ambayo hata si geji bali ni kipimo cha inchi, akina baba humnunulia mtoto wa miaka kumi kwa kuwa haipigi teke. Marisau yake ni machache mno, na hata fundi wa shabaha huhangaika nayo. Mtoto hukosa ndege wote, akarudi kwenye simu.

Hapa niache mzaha kidogo. Maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano, na rangi hiyo si urembo. Ukichanganya risasi mfukoni, ukadumbukiza ya 20 kwenye mtutu wa 12, inateleza ndani na kukwama mbele ya chemba. Unatazama, chemba unaiona tupu. Unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka pale pale uliposhika kwa mkono wa kushoto. Usiweke geji mbili katika koti moja, hata siku moja.

Wengi wetu tutanunua ya mtumba, na kwenye mitumba tunajiamini. Tumekagua suruali Karume, tumekagua Corolla kutoka Japani, bunduki itatushinda nini? Niliingia na imani hiyo katika duka moja ambalo silitaji, nikakuta ya geji 16, mitutu inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, dola 380. Muuzaji alikuwa mpole kupita kiasi, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Nikajaza fomu 4473, ile ya serikali inayokuuliza kama wewe ni mhalifu, mtoro wa sheria au mtumiaji wa dawa za kulevya. Nikalipa, nikatoka nimeinua kidevu. (Kama uko hapa kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho ina masharti yake juu ya silaha. Muulize wakili. Usiniulize mimi, na usimwulize shemeji yako.)

Jumapili nikaipeleka kwa mzee mmoja tunayefanya naye kazi. Alihakikisha haina risasi, akatoa kishikio cha mbele, akaitikisa. Ikalia kocho kocho, kama kitasa cha choo cha stendi. "Bawaba imechoka," akasema. Akatazama wenzo wa juu, ule wa kufungulia. Katika bunduki yenye afya, ukishafunga, wenzo husimama katikati au huegemea kulia kidogo. Wangu ulikuwa umelalia kushoto kama kofia ya mlevi. Akaitoa mitutu, akaining'iniza kwa kidole kimoja, akaigonga kwa kifundo cha kidole kingine. Mitutu iliyoshikana sawasawa kwa lehemu hulia kama kengele. Yangu ilisema "bwe".

Mwisho akanigeuzia midomo ya mitutu nitazame mwenyewe. Katikati palikuwa na uwazi wa kupitisha sarafu. Mitutu ya aina hii husogeleana kadiri inavyokwenda mbele, hata mdomoni ikakutana. Ukiona uwazi, anza kushuku msumeno. Tukapima: inchi 25 na nusu. Mzee, anayeijua aina ile, akasema ilitoka kiwandani na 28. Kipande kilichokatwa kiliondoka na kibano chote cha mdomo, yaani ile kazi ya mtutu wa karibu na mtutu wa mbali niliyokusimulia hapo juu imebaki hadithi. "Imetahiriwa," nikasema kwa Kiswahili. Hakuelewa, lakini alitikisa kichwa kwa huzuni iliyofaa kabisa.

Tangu siku hiyo nakagua kama bibi anayenunua samaki. Kwenye L.C. Smith natazama mti wa kitako nyuma ya vile vyuma vya ubavuni, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Mitutu yenye mawimbi kama ngozi ya chatu ni ya Damascus, ya enzi za baruti nyeusi. Itundike ukutani, ipige picha, usiilishe risasi za leo. Bunduki nyingi za kale, hasa za Ulaya, zina chemba ya inchi mbili na nusu, wakati risasi ya kawaida ya siku hizi ni ya inchi mbili na robo tatu. Itaingia bila kulalamika. Kisha ganda likifunguka mdomo wake hukosa nafasi, shinikizo likapanda. Fundi wa bunduki ana kifaa cha kupimia hilo, na malipo yake ni madogo kuliko ya daktari wa vidole. Marisau ya chuma nayo ni adui wa mitutu mikongwe, na tangu 1991 Marekani nzima hairuhusu marisau ya madini ya risasi kwa kuwindia bata. Kwa hiyo kama unataka bunduki moja ya kale kwa fezanti na kwa bata, utanunua marisau ya bismathi, na ukiuliza bei yake ndipo utakapoagana na neno "nafuu" kwa kupungiana mikono.

Liko jambo moja ambalo muuzaji hatakuhimiza, na ndilo linaloangusha ndege: bunduki ikutoshe. Hakikisha haina risasi, ielekeze pasipo na mtu, funga macho, ilete begani kwa mkupuo mmoja, fungua macho. Ukiona mitutu yote imejitandaza mbele yako kama barabara ya kwenda Dodoma, kitako kiko juu mno. Ukiona kisogo cha bunduki tu, kimeshuka mno. Vya kale vya Marekani vimeshuka sana, hata inchi tatu, kwa sababu watu wa zama hizo walipiga wakiwa wamesimamisha shingo. Mimi mtu wa Singida, shingo yangu ya kawaida, nikilaza shavu pale sioni ndege wala mbingu. Ya Kituruki ya dola 800 inayokutosha itakuletea mboga nyingi kuliko Parker ya babu wa mtu. Lakini usiseme hivyo mbele ya wazee, hawatakualika tena.

Siku yenyewe itakwenda hivi. Nyasi zimekufika kifuani, pua haina hisia, mbwa wa mwenzako (ambaye bei yake hatutaigusa leo) anasimama ghafla na kuganda. Fezanti anafumuka miguuni pako kwa kelele ya mtu aliyeibiwa pochi. Sharti kwanza uhakikishe ni dume, maana majike hayaguswi, na madume yenyewe ni matatu tu kwa siku. Uso mwekundu, shingo ya kijani, kola nyeupe: dume. Unainua, unavuta. Kimya. Hujafungua usalama. Unafungua, unavuta cha nyuma badala ya cha mbele, unakumbuka ulichosoma hapa kuhusu karibu na mbali, unarudi cha mbele. Ndege yuko Nebraska.

Msimu wangu wa kwanza nilipata wanne. Mmoja tulimpika kwa tui la kopo, na mwanangu akauma chembe ya marisau, akaiweka ukingoni mwa sahani na kuniuliza ni nini. Nikamwambia ni kiungo. Usiku nikajumlisha bunduki, leseni, buti na fulana ya rangi ya chungwa, nikagawanya kwa uzito wa nyama: kilo moja kama dola mia mbili. Karatasi ile niliichana.

Ile iliyotahiriwa bado ninayo, kwa sababu sijapata wa kumwuzia ambaye nitaweza kumtazama usoni. Nawe msomaji, ukiona popote Sterlingworth ya geji 20, mti hauna ufa, mitutu inalia kama kengele, chini ya dola elfu moja, nipigie simu mchana nikiwa kazini. Jioni usipige.