Kwa Mheshimiwa Mlinzi wa Mali za Walio Mbali na Kwao

Mheshimiwa Sana Mkurugenzi Mkuu wa Benki, Mtunza Siri za Wenye Nazo, Bwana Mkubwa wa Geneva na vitongoji vyake vyote,

Kwa heshima na taadhima, mimi mwana wa Lubumbashi niishiye Lausanne naomba ruhusa ya kukusalimu. Nakusalimu wewe, nawasalimu wakurugenzi wenzako, nawasalimu na walinzi wa mlangoni, ambao ndio wakubwa pekee wa benki yako niliojaliwa kuonana nao. Najua barua hii haitafika mezani pako. Itasomwa na msaidizi wa msaidizi wako, naye ana mengi ya kufanya. Hata hivyo, malezi niliyopewa hayaniruhusu kumwendea mkubwa kwa shida kabla ya kumshukuru.

Nashukuru, kwanza, kwa kijitabu chenu. Nilikikuta katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, juu ya kabati la bibi mmoja ninayemwogesha asubuhi. Kinasema mnahudumia familia zinazoishi nchi mbalimbali, zenye watoto wanaosoma, urithi unaovuka mipaka na mapato ya sarafu zaidi ya moja. Mheshimiwa, mlikuwa mnatueleza sisi! Mimi niko Uswisi, mke wangu na watoto wako Lubumbashi, kaka yangu yuko Nairobi, dada yetu wa mwisho yuko Brussels. Tunahesabu kwa faranga za hapa na za Kongo, kwa shilingi, kwa yuro, na kwa dola ada ya shule inapodaiwa. Kama ipo familia inayohitaji mshauri wa mali, basi ni hii yetu.

Nashukuru pia kwa jibu lenu kwa barua yangu ya kwanza. Karatasi yake ilikuwa nzito, ya rangi ya maziwa, na ukiishika mbele ya taa unaiona nembo ya benki ndani yake. Mlinieleza kwa upole mkubwa kwamba huduma huanzia faranga milioni 1. Hamkuniuliza mimi ninazo ngapi, na kwa kunisitiri hivyo nitawaombea dua maisha yangu yote.

Nisamehe nikigusa ada. Anayewakabidhi wenzako mamilioni, naambiwa, mara nyingi hutozwa karibu asilimia 1 kwa mwaka. Sisi tunaotuma kidogo tumekirimiwa zaidi: kwa hesabu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa karibu asilimia 8. Hizo ni dola 16, na mke wangu anazijua kwa majina: madaftari, sabuni, makaa, nauli ya mtoto. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ishuke chini ya asilimia 3. Siwezi kuthubutu kumharakisha mtu wa hadhi yako.

Lakini shukrani yangu kubwa ni ya tangu zamani. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Katika miaka ya 1990 alikaa miezi na miezi bila mshahara, na kila alfajiri alivaa kofia ya kazi akaenda, kwa kuogopa kuandikwa mtoro. Wakati huo Rais Mobutu, aliyeshika nchi tangu 1965, alikuwa na jumba Savigny, juu ya Lausanne hapa hapa, na fedha katika benki za nchi hii. Sisemi katika benki yako, Mheshimiwa. Sina ujasiri huo. Alipoanguka Mei 1997, Uswisi ilizizuia fedha hizo. Wapo waliokadiria kuwa alichota hadi dola bilioni 5. Zilizozuiliwa hapa zilikuwa takriban faranga milioni 7.7.

Na zikatunzwa! Kongo iliingia vitani, watu wakafa kwa risasi, njaa na maradhi. Faranga zile hazikusikia mlio wowote. Baba na maelfu ya wenzake waliachishwa kazi kuanzia mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa wa hiari. Serikali ya Kinshasa haikuifuatilia kesi ya fedha za Mobutu inavyopasa, na mwaka 2009 mahakama ya Uswisi iliyoko Bellinzona ikaona muda wa mashtaka umekwisha. Fedha zikafunguliwa kwa warithi wa marehemu Mobutu. Uswisi ilitunga sheria baadaye ili jambo hilo lisirudiwe, ikaanza kutumika Februari 2011. Baba yangu hakuachiwa cha kurithisha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nikiwa nimepiga magoti, sikuombi akaunti, wala mkopo, wala kiti katika ukumbi wenu. Naomba unizuie. Dola 200 ninazotuma kila mwezi zishikwe na benki yako kwa amri, kwa muhuri na kwa tangazo magazetini, kama mali ya mtu hatari. Niko tayari kutuhumiwa lolote mtakalochagua. Kinshasa haitafuatilia, kwa hilo nina imani kamili. Miaka 12 ikipita mtaniona sina hatia inayoweza kushtakiwa, nanyi mtawafungulia wanangu Lubumbashi fedha zote, bila kukosa hata zile dola 16. Majina yao nimeyaambatanisha, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja.

Nasubiri kukamatwa kwa heshima kuu,

Mtuhumiwa wako mtarajiwa,
Lausanne