Mlinzi wa Kilo Sita

Tulitaka mbwa wa ulinzi. Shemeji akatuletea Bosko: kilo sita, masikio yamejikunja, mama yake terier wa Capri Point, baba yake Mungu ndiye ajuaye. Mama alimtazama, akauliza kama mwizi akija atamkimbia au atamtia mfukoni.

Kwa haki, asili yake si kulinda geti. Mwaka 1819, mwanafunzi wa Oxford aitwaye John Russell alinunua kwa muuza maziwa jike mmoja wa terier, Trump, na uzao wake ukalelewa kwa kazi ya kuzama mashimoni kuwatimua mbweha. Sasa mlete mrithi wa kazi hiyo huku Mkolani, mawe juu ya mawe, na nyufa zina pimbi!

Jumapili moja alizama ufani, akanasa. Tukawa tunasikia sauti tu, kama redio iliyozikwa. Jirani mmoja akashauri maji, mwingine akaja na mtalimbo. Kijana wa bodaboda akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna hela humo ndani. Mama hakusema kitu. Alirudi na sufuria ya mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kupaa kwenda Ulaya, akafunua mfuniko. Bosko akatoka kinyumenyume.

Tangu hapo Mama, aliyekuwa ameapa kwamba mbwa hatakanyaga jikoni kwake, humchambulia miiba kwa vidole, kwa sababu bwana mifugo alisema mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali na kutoboa utumbo. Mimi nawekewa na miiba yangu.

Kisha ikaja kesi ya kuku. Bosko alichimba chini ya uzio, na jirani akapoteza tetea. Nilikubali kulipa, lakini kila tukikutana mayai ambayo marehemu angetaga yanaongezeka.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tulipanga foleni na majibwa ya minyororo. Bosko aliyabwekea yote, kutoka mapajani mwa Mama.

“Mwenye mbwa nani?” akauliza bwana mifugo, kalamu mkononi.

Nikafungua mdomo.

“Mimi hapa, baba,” akasema Mama, naye akaandikwa kwenye kadi.

Jioni jirani alipiga hodi kuulizia kuku wake. Nikamwonyesha kadi. Akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema yeye na Mama hawana ugomvi, amekuja kwangu.