Hodi Bila Mgeni

Kusomea mtihani wa usalama wa mtandao kwa sauti kunahitaji nyumba yenye dari. Vitabu ni vya Kiingereza, na anayetaka kuelewa hujitafsiria. Katika vyumba vya kupanga ambamo kuta huishia chini ya bati, tafsiri hiyo husikika hadi chumba cha mwisho. Juzi mtahiniwa mmoja alikuwa amefika "mshambuliaji huingia kwa mlango wa nyuma", saa sita usiku, mama mwenye nyumba akatokea na mchi, mjumbe nyuma yake na tochi. Ikabidi aeleze, taulo kiunoni, kwamba mlango huo uko ndani ya kompyuta.

"Na mshambuliaji?"

"Naye yumo humo humo."

Daftari likakaguliwa ukurasa kwa ukurasa.

Kusoma kwa sauti si wazimu lakini. Mwaka 2010 Colin MacLeod na wenzake walionyesha kwamba neno lililotamkwa hukumbukwa kuliko lililosomwa kimya, hasa likiwa katikati ya mengine yasiyotamkwa. Anayetamka kila kitu, hata jalada, anajipunja.

Linalostahili sauti ni salamu ya TCP, ambayo kompyuta mbili hupeana kabla ya kuzungumza. Kompyuta ya kwanza hutuma SYN, yaani hodi. Ya pili hujibu SYN-ACK, karibu. Ya kwanza humaliza kwa ACK, ahsante, naingia. Mhalifu hupiga hodi maelfu kwa maelfu, wala haingii. Kwa kila hodi seva hutenga nafasi kwenye kumbukumbu, imeshika kitasa, inamsubiri mtu ambaye hayupo. Foleni ikijaa, mgeni wa kweli hakosi adabu, anakosa wa kumfungulia. Septemba 1996 kampuni ya intaneti ya Panix, New York, ilielemewa hivyo hivyo. Dawa iliyopatikana ni ya kupendeza: seva isisubiri wala isikumbuke chochote, bali ifiche alama ndani ya "karibu" yenyewe. Atakayerudi na alama hiyo ndiye mgeni.

Namba za huduma (22 SSH, 23 Telneti, 443 HTTPS) huimbwa tu. Mtoto wa jirani anazijua, kumi na tisa bado inamshinda.

Kisha mtihani wenyewe. Ukifanyiwa nyumbani, kamera humtazama mtahiniwa, na kusoma swali kwa sauti ni kosa. Miezi mitatu ya kukifundisha kichwa kwa njia ya mdomo, ada imeshalipwa kwa dola na hairudi, halafu mdomo ndio unaopigwa marufuku, kana kwamba mtu akijisemesha anaiba. Lilipokuja swali la TCP, midomo ilicheza yenyewe: hodi. Onyo likatokea kwenye skrini kabla ya karibu.