Barua ya Wazi kwa Benki Kuu: Mniambie Kama Mimi ni Mhalifu au Mlipakodi

Kwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania.

Yah: Ombi la kutambuliwa kama mhalifu au kama mlipakodi, lolote litakalokuwa rahisi kwenu

Mheshimiwa Gavana,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam. Nina kitambulisho cha Taifa, nina TIN, sijawahi kulala mahabusu, na nina kipande cha Bitcoin kidogo kiasi kwamba ukikiandika kwa desimali, sifuri zinaizidi namba yenyewe. Hakifiki bei ya pikipiki ya mtumba. Pembeni nimeweka dola kidogo za mtandaoni, zile ziitwazo USDT. Sina kampuni, sina kundi la kuwafundisha watu utajiri, sina semina ya fursa yenye kiingilio. Nanunua kidogo mshahara ukitoka, nachungulia bei kabla ya kulala, basi.

Nawaandikia kwa sababu ya karatasi mbili ambazo hazikai meza moja. Ya kwanza ni yenu wenyewe: tangazo kwa umma la Novemba 2019, lililotukumbusha kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na kwamba kuzitumia sarafu hizi, kuzifanyia biashara na kuzitangaza ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Ya pili imetoka bungeni: Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, iliyoweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Ya kwanza inasema nisifanye. Ya pili inasema nikishafanya, nilipe.

Mimi si mwanasheria. Lakini gongo nayo imekatazwa, na sijapata kusikia TRA wakibandika stempu ya kodi kwenye dumu la gongo.

Sisemi kwamba katikati ya karatasi hizo mbili mlilala. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alikuja kufungua jengo lenu la Mwanza, akawaambia mbele ya watu kwamba dunia inaelekea kwenye fedha za mtandao, na kwamba Benki Kuu ianze kujiandaa yasije yakaikuta haijawa tayari. Vijana wengi walishangilia siku ile. Mwezi uliofuata tukapata maandalizi yetu: tozo za miamala ya simu, zilizofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, zikapunguzwa, zikapunguzwa tena, mwishowe zikaondolewa. Januari 2023 mkatoa taarifa kuhusu sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu yenyewe, kwamba utafiti unaendelea, kwa tahadhari na hatua kwa hatua. Tahadhari tumeiona. Hatua tunaendelea kuzisubiri.

Labda Mheshimiwa hujapata kuona mambo haya yanavyofanyika, maana kwa cheo chako hupaswi kuyaona. Ngoja nikueleze. Mtu anafungua jukwaa kwenye simu, anakuta orodha ya wauzaji wenye majina ya kujibatiza. Mmoja ameandikiwa kwamba amekamilisha asilimia 99 ya miamala yake, rekodi ambayo ofisi kadhaa za umma zingeitundika ukutani. Unabonyeza kununua, saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma, una dakika 15. Muuzaji anakutumia namba ya simu na jina lililosajiliwa kwenye laini, na masharti yake: tuma kutoka kwenye laini yenye jina lako, usipitie kwa wakala, na kwenye maelezo ya malipo usithubutu kuandika Bitcoin, USDT wala kripto. Unatuma. Ujumbe unaingia, imethibitishwa, ada imekatwa, na ndani ya ada mna VAT. Mwenzio upande wa pili anaona hela imeingia, anaachia sarafu. Mmemalizana, na serikali imeshapata chake kwenye ada kabla hata sarafu haijanifikia.

Sasa nitafutie hapo mtu wa kukata ile asilimia 3. Sheria inamtaka mwenye jukwaa, au anayewezesha uhamishaji, akate na kuwasilisha. Jukwaa ninalotumia mimi halina ofisi Posta wala Dodoma. Muuzaji mwenye asilimia 99 sidhani kama atatokea kudai fomu. Nimebaki mimi. Na mimi niko tayari, kwa moyo mweupe kabisa, ila nasita kwenda dirishani kuomba kumbukumbu namba ya malipo halafu nikajikuta naandika maelezo ya polisi.

Halafu kuna jambo dogo la hesabu. Kodi hiyo inakatwa kwenye malipo, siyo kwenye faida. Kwa hiyo aliyenunua kwa milioni moja akauza kwa laki sita naye ana cha kukatwa. Bitcoin ikipanda serikali inakula, ikishuka serikali inakula. Kwa kweli, Mheshimiwa, katika nchi hii mwekezaji wa sarafu mtandao asiyeweza kupata hasara ni mmoja tu, naye hajanunua hata senti.

Mtauliza, basi hizo dola za mtandaoni za nini? Jibu mnalo kwenye vitabu vyenu. Mwaka 2023 na 2024 dola iliadimika hapa nchini hadi wafanyabiashara wakawa wanazunguka benki moja hadi nyingine kama watu wanaotafuta dawa. Kwa miaka dola ilikuwa imetulia kwenye shilingi 2,300 na kitu. Mwaka 2024 ikavuka 2,700. Nilimsikia jamaa mmoja Kariakoo, mwenye mzigo uliokwama Guangzhou, akisema benki ilimwambia arudi wiki ijayo, na kijana wa duka la simu akamwambia arudi baada ya chai. Alirudi baada ya chai. Sitasema alilipa kwa nini, maana barua hii ni ya wazi.

Kweli, mwisho wa mwaka 2024 shilingi iligeuka ikapanda ghafla, na waliokimbilia dola wakabaki wanahema. Shilingi nayo ina vituko vyake, ila vya kwake vina nembo ya Taifa. Machi 2025 zikaja kanuni za kukataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, na mimi nimeziunga mkono. Kodi ya nyumba ya Masaki itajwe kwa shilingi kama ya Mbagala. Lakini kanuni ya kukataza bei ya dola haimpi mtu imani na shilingi. Imani hiyo mnatakiwa kuijenga ninyi, na kijana anayebadilisha akiba yake kuwa USDT saa nne usiku amewapigia kura, mkitaka kuihesabu.

Naomba pia niwaondolee aibu. Katika kubadili kauli hamko peke yenu. Mwaka 2017 Larry Fink, mkuu wa kampuni ya uwekezaji ya BlackRock, alisema Bitcoin ni kipimo tu cha utakatishaji wa fedha duniani. Januari 2024 kampuni hiyohiyo ikawa miongoni mwa zilizoruhusiwa Marekani kuuza mifuko ya Bitcoin kwenye soko la hisa. Donald Trump alitangaza mwaka 2019 kwamba yeye si shabiki wa vitu hivi. Januari 2025, siku chache kabla ya kuapishwa, ikaingia sokoni sarafu yenye jina lake, na Machi akasaini amri ya kuweka akiba ya Bitcoin ya taifa. El Salvador waliifanya Bitcoin fedha halali mwaka 2021, wakailegezea sheria Januari 2025 baada ya kuelewana na IMF. Ethiopia wamekataza kuifanyia biashara, ila wanawauzia umeme wanaoichimba, na hao angalau unajua wanachotaka. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao kila walipogeuka, walisema wamegeuka. Sisi tumegeuka upande wa kodi peke yake, mwili mwingine wote umebaki 2019.

Na msidhani mimi ni muumini. Bitcoin ilianza Januari 2009, miezi michache baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka na serikali za wakubwa kumwaga fedha za walipakodi kuziokoa benki zao. Ahadi ilikuwa kwamba tutatumiana fedha bila kumhitaji mwenye benki, na kwamba sarafu zenyewe hazitazidi milioni 21, hata rais wa nchi akitaka. Leo kitu kilichozaliwa ili tusimhitaji mwenye benki kinauzwa na wenye benki, kwa ada. Mei 2022 sarafu za Terra na Luna ziliyeyuka kwa siku chache na mabilioni ya dola ya watu. Novemba mwaka huohuo soko la sarafu la FTX likaanguka, Bitcoin ikashuka hadi dola 16,000 hivi, na kijana aliyelimiliki soko hilo, Sam Bankman-Fried, akaja kuhukumiwa miaka 25. Desemba 2024 bei ilivuka dola 100,000. Kitu cha namna hiyo si mkombozi wa mnyonge, na mtu akikuambia ukope uwekeze humo, mkimbie. Nayasema haya msije mkanijibu kwa kunionya. Onyo ninalo. Nimekosa kanuni.

Hapa ndipo kejeli zangu zinapoishia kidogo, Mheshimiwa, maana kuna watu wanaumia.

Upatu haramu haukuletwa na intaneti. Mwaka 2009 taasisi ya upatu ya DECI iliwaambia watu wapande mbegu wavune, watu wakapanda, na wakurugenzi wake wakatiwa hatiani mwaka 2013. Hakukuwa na Bitcoin pale, palikuwa na noti na imani. Mwanzoni mwa 2025 polisi walikamata watu katika mikoa kadhaa kwa mchezo wa LBL, ulioahidi malipo kwa kutazama matangazo kwenye simu. Kila tapeli wa leo anajua kwamba ukichanganya ahadi ya kila siku na neno gumu la teknolojia, mama wa kikoba atafikiri ni yeye asiyeelewa.

Sasa jaribuni jambo hili. Mtafuteni mmoja wa hao wanaokusanya hela za watu kwa jina la sarafu mtandao, mwulizeni kama ana leseni ya Benki Kuu. Atawajibu bila kupepesa kwamba leseni ya biashara hii haitolewi kwa mtu yeyote. Amesema kweli, na ukweli huo ndio unaomfanya asitofautike na mtu mwaminifu. Wote wawili hawana leseni, wote wawili wanafanya kilichokatazwa, wote wawili wanaambiwa walipe kodi. Mwananchi atawatenganisha kwa lipi? Kwa suti?

Linganisheni na mlichokifanya kwenye mikopo ya mtandaoni. Novemba 2024 mlitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila kibali, zile zinazomtumia ujumbe bosi wako na mashemeji kwamba una deni la shilingi elfu ishirini. Watu waliishika orodha ile, wakazifuta programu, wakawaonya ndugu zao. Iliwezekana kwa sababu leseni ya kukopesha ipo, kwa hiyo asiye nayo anaonekana. Kwenye sarafu mtandao hamuwezi kutoa orodha, kwa kuwa mkianza kuwaandika wasio na kibali mtaandika kila mtu, mimi nikiwemo. Na aliyetapeliwa haendi polisi. Akienda itabidi kwanza aeleze alikuwa anafanya nini.

Kenya walipita hukuhuku. Benki Kuu yao ilitoa onyo mwaka 2015. Katikati ya mwaka 2023 watu wakapanga foleni kwenye ukumbi wa KICC, Nairobi, kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa sarafu mtandao wa Worldcoin kwa malipo ya kama shilingi 7,000 za kwao, serikali ikashtuka, ikasimamisha. Mwaka huohuo wakaweka kodi ileile ya asilimia 3. Kisha 2025 wakaifuta, wakahamishia ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, na Oktoba wakapata sheria inayosema nani anasimamia nini kati ya Benki Kuu na mamlaka ya masoko ya mitaji. Sisemi sheria yao ni nzuri. Nasema mlalamikaji Nairobi anajua mlango wa kubisha.

Ninachoomba hakihitaji kamati wala semina Arusha. Mkiona marufuku ya 2019 bado inafaa, itangazeni upya, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mwombeni Waziri wa Fedha aiondoe kodi, maana serikali haiwezi kula mezani kwa mtu inayemwita mwizi. Nitauza kipande changu, nitarudi kwenye kikoba. Mkiona kodi ndiyo inayofaa, futeni tangazo, toeni leseni, lazimisheni anayeshika hela za watu aweke dhamana hapa nchini, na mtupe namba moja ya simu ya kulalamikia ambayo inapokelewa. Vyote viwili ni halali yenu kuchagua. Msichoweza kuendelea nacho ni kuchagua asilimia 3 tu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwekezaji mdogo, Dar es Salaam
(jina ninalo, nitalitaja nikishajibiwa)

Nakala:
Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Mapato: fungu lenu nimelitenga, nasubiri kuambiwa nilipeleke dirisha gani.
Jeshi la Polisi: kwa taarifa tu, tafadhali.